Kalkuleta ya grafu ikionyesha kioo kitupu: namba za WINDOW zinatoka wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimerudi darasani ukubwani, nasoma aljebra katika chuo kimoja hapa Minnesota ili nipate nafasi ya uuguzi. Nimenunua TI-84 Plus ya mtumba. Zoezi letu linasema kiwanda kidogo kinauza mishumaa x kwa wiki, na faida yake kwa dola ni y = −0.5x² + 60x − 1000. Nikiandika hivyo na kubonyeza GRAPH naona mihimili mitupu. Mwenzangu akasema nibonyeze ZOOM kisha 6: hakuna kitu. Akasema ZOOM kisha 0: ukatokea mstari ulionyooka, na mwalimu wetu anasisitiza kuwa hii ni parabola. Je, nimeuziwa kalkuleta mbovu? Na kama ni nzima, hizo namba za kujaza kwenye WINDOW watu wanazitoa wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kurudi darasani. Kalkuleta yako ni nzima. Hata ule mstari ulionyooka haukuwa uongo. Uliitazama grafu yako katika kipande ambacho mishumaa haijaanza hata kuleta faida, na kipande hicho kweli kinakaribia kunyooka. Nitakuonyesha kwa namba.

Kumbuka kwanza jinsi ulivyochora grafu sekondari, kwenye karatasi ya miraba. Kabla ya kugusa rula ulijaza jedwali: thamani za x mstari wa juu, za y mstari wa chini. Ukishaiona y ndogo kuliko zote na y kubwa kuliko zote, ndipo ulipochagua skeli, sentimita 1 kwa vizio 2 au kwa vizio 200, kutegemea jedwali limesema nini. Mwanafunzi aliyeanza na mihimili akaja kujaza jedwali baadaye aliishia kuomba karatasi ya pili.

Kalkuleta ya grafu inakuvuta ufanye kosa la mwanafunzi huyo. Inakukabidhi mihimili iliyokwisha kupangwa, kutoka −10 hadi 10 kila upande, halafu inachora kile tu kinachoangukia humo. Kisichoangukia humo haikionyeshi, na haikuambii kwamba kipo. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la mwisho ni hili: mipaka ya X itoe kwenye swali, mipaka ya Y itoe kwenye jedwali, na WINDOW, yaani dirisha linaloshika mipaka hiyo, uifungue mwisho. Ile desturi ya kuwaambia wanafunzi "bonyeza ZOOM 6 uone" kabla hawajalisoma swali mimi siipendi. Inafanya kazi kwa mifano ya kitabuni iliyotungwa iwe midogo, kisha inamwacha mtu njia panda siku ya swali lenye dola, nyuzi joto au idadi ya watu.

Tufanye zoezi lako. x ni idadi ya mishumaa, kwa hiyo haiwezi kuwa hasi. Nusu nzima ya kushoto ya dirisha la kawaida, kutoka −10 hadi 0, haina maana yoyote kwako. Upande wa kulia, kuishia 10 ni kusema kiwanda hakiuzi zaidi ya mishumaa kumi kwa wiki. Swali halikutoa kikomo cha juu, basi tuliulize jedwali.

Tazama vile vitufe vitano vilivyo chini ya kioo: Y=, WINDOW, ZOOM, TRACE, GRAPH. Kila kimoja kina kazi ya pili inayofunguka ukitanguliza 2nd. Bonyeza 2nd kisha WINDOW, utafika TBLSET, mahali pa kupanga jedwali. Kwenye TblStart weka 0, kwenye ΔTbl weka 20, mistari miwili ya chini iache kwenye Auto. Sasa 2nd kisha GRAPH. Kioo cha TI-84 Plus kinaonyesha mistari saba kwa mara moja, na yako itakuwa hii: x ikiwa 0, y ni −1000; ikiwa 20, y ni 0; ikiwa 40, y ni 600; ikiwa 60, y ni 800; ikiwa 80, y ni 600; ikiwa 100, y ni 0; na ikiwa 120, y inarudi −1000.

Dada, hapo hadithi nzima imekwisha kusimuliwa na hujachora kitu. Kiwanda kinaanza na hasara ya dola 1000, kinarudisha gharama kikiuza mishumaa 20, faida inafika kilele cha dola 800 kwenye mshumaa wa 60, na baada ya 100 kinaingia tena kwenye hasara. Dirisha linajiandika lenyewe. Fungua WINDOW: Xmin 0, Xmax 120, Xscl 20. Kwa Y, jedwali linasema kutoka −1000 hadi 800. Ongeza nafasi kidogo juu na chini, weka Ymin −1200, Ymax 1000, Yscl 200. Bonyeza GRAPH. Parabola ya mwalimu wako hiyo hapo, imeinama kama inavyotakiwa.

Ile nafasi ya ziada ina sababu yake. Ukibonyeza TRACE, kalkuleta inaandika mlinganyo juu ya kioo na thamani za X na Y chini yake, na maandishi hayo yanafunika grafu. Ukibana Ymin kwenye −1000 hasa, ncha mbili za parabola zinafichwa na maandishi. Vivyo hivyo, Xmin ikiwa 0 mhimili wa y unalala kwenye ukingo kabisa wa kioo na macho huusahau. Ukitaka uonekane vizuri, weka −10. Mishumaa hasi kumi haipo duniani, lakini pambizo haimdhuru mtu ili mradi usiisome kama sehemu ya jibu.

Sasa turudi kwenye ule mstari wako. ZOOM 6, yaani ZStandard, ilikupa X kutoka −10 hadi 10 na Y kutoka −10 hadi 10. Weka x = −10 kwenye mlinganyo wako: y ni −1650. Weka x = 10: y ni −450. Grafu nzima ndani ya kipande hicho iko mamia ya vizio chini ya kioo, ndiyo maana hukuona kitu. Kisha ukabonyeza ZOOM 0, ambayo ni ZoomFit. Wengi wanadhani ZoomFit inaitafuta grafu popote ilipo. Haifanyi hivyo. X haiigusi hata kidogo; inachukua X uliyoiacha, inapima y ndogo na y kubwa ndani ya hiyo X tu, na kuzifanya Ymin na Ymax. Kwa hiyo ilikuchorea kutoka −1650 hadi −450, kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Katika kipande hicho mteremko wa parabola yako unashuka kutoka 70 hadi 50, badiliko ambalo jicho haliwezi kulitofautisha na mstari ulionyooka kwenye kioo kidogo namna ile. Na ungetazama vizuri ungegundua kwamba mhimili wa x haukuwepo kabisa kwenye picha. Hiyo ndiyo dalili ya kuishika: mhimili ukitoweka, nenda WINDOW ukasome namba kabla ya kuamini umbo.

ZoomFit ni nzuri, lakini baada ya wewe kuweka X yenye akili. Weka Xmin 0 na Xmax 120, kisha bonyeza ZOOM 0, na itakuletea parabola kamili, imebanwa tu juu na chini bila pambizo. Mimi huitumia kama njia ya mkato pale ambapo sina haja ya jedwali, halafu ninarudi WINDOW kusawazisha namba zake, kwa sababu huacha Ymin na Ymax zenye desimali zisizopendeza.

Hapa inafaa ujue kinachotendeka ndani, maana ukikielewa hutahitaji kukariri menyu. Eneo la grafu kwenye TI-84 Plus ya rangi nyeusi na nyeupe lina vitone 95 kwa upana na 63 kwa kimo. Basi. Kalkuleta inachukua umbali kutoka Xmin hadi Xmax, inaugawa kwa 94, na kupata hatua moja. Kwa kila moja ya safu wima 95 inakokotoa y mara moja, inawasha kitone kilicho karibu na y hiyo ikiwa kiko kati ya Ymin na Ymax, kisha inaunganisha vitone kwa vijistari. Kati ya safu na safu haijui chochote. Toleo la rangi, TI-84 Plus CE lililotoka 2015, lina safu 265 na mistari 165, kwa hiyo umbali unagawanywa kwa 264. Picha ni laini zaidi, ila utaratibu ni uleule.

Ndiyo sababu TRACE hukupa namba za ajabu. Kwenye dirisha letu la 0 hadi 120, hatua moja ni 120 ÷ 94, yaani karibu 1.2766. Ukisogeza kishale kuelekea mshumaa wa 20, utaona X=19.148936 na y kama −34.4, kisha mbofyo mmoja tu kulia X=20.425532 na y kama 16.9. Sifuri unairuka. Nimewaona wanafunzi wakiandika 20.43 kwenye mtihani kama "jibu kutoka kwenye kalkuleta", na kalkuleta haina hatia. Kuna njia mbili za kutoka hapo.

Ya kwanza ni kuchagua dirisha ambalo upana wake unagawanyika vizuri kwa 94. Ukiweka Xmin 13 na Xmax 107, upana ni 94 kamili na hatua inakuwa 1: kishale kitakanyaga 20, 60 na 100 bila desimali. Ukitaka kuona na mwanzo wa hadithi, weka 0 hadi 188, hatua itakuwa 2. ZOOM 4, ZDecimal, imejengwa kwa hesabu hiyohiyo: inaweka X kutoka −4.7 hadi 4.7, upana 9.4, hatua 0.1, na Y kutoka −3.1 hadi 3.1. Kwenye CE inaweka −6.6 hadi 6.6 na −4.1 hadi 4.1. Zile 4.7 na 6.6 zinazoonekana kama zimeokotwa barabarani ni nusu ya 9.4 na nusu ya 13.2, basi.

Njia ya pili, na ndiyo ya mtihani, ni kuiachia TRACE kazi ya kutazama tu na kutafuta majibu kwa 2nd TRACE, yaani CALC. Namba 2, zero, inatafuta pale grafu inapokata mhimili wa x. Namba 4, maximum, inatafuta kilele. Namba 5, intersect, inatafuta makutano ya grafu mbili. Ukichagua zero, itakuuliza Left Bound, sogeza kishale kushoto kidogo ya pale unapopataka, ENTER. Right Bound, kulia kidogo, ENTER. Guess, ENTER tena. Itakupa 20. Lakini zingatia: CALC inafanya kazi ndani ya dirisha lako. Makutano yakiwa nje ya kioo haitayafuata huko. Na ukichagua value kisha ukaandika X iliyo nje ya Xmin na Xmax, itakujibu kwa ujumbe wa kosa. Dirisha, kwa hiyo, si pambo la picha. Ndilo eneo ambalo mashine inaruhusiwa kutafuta.

Niseme neno kuhusu Xscl na Yscl, maana zinatisha bure. Ni umbali kati ya alama ndogo za kwenye mhimili. Grafu yenyewe hazibadilishi chochote. Ukiacha Yscl 1 kwenye dirisha letu, kalkuleta itajaribu kuweka alama 2200 kwenye mistari 63, na mhimili wa y utakuwa mnene kama umepakwa rangi. Wako waliorudisha kalkuleta dukani kwa ajili hiyo. Chagua namba itakayotoa alama kati ya tano na kumi na tano. Ukiweka 0 alama zinaondoka kabisa. Xres iache kwenye 1. Ukiipandisha mpaka 8 inakokotoa safu moja katika kila nane, uchoraji unakuwa wa haraka na picha inaharibika. Sioni sababu ya kufanya hivyo leo.

Usifikiri dirisha baya hutoa kioo kitupu pekee. Kuna madirisha yanayotoa picha nzuri, safi, na ya uongo mtupu. Jaribu hili usiku ukiwa na nafasi. MODE iweke RADIAN. Kwenye Y1 andika sin(48X), bonyeza ZOOM kisha 7, ambayo ni ZTrig. Hutaona kitu, ingawa grafu inapanda na kushuka kati ya −1 na 1 mara tele. Imelala juu ya mhimili. Sasa badilisha iwe sin(49X). Litatokea wimbi moja tulivu ambalo huwezi kulitofautisha na sin(X). Sababu ni zile safu 95. ZTrig kwenye TI-84 Plus inaweka X kutoka −47π/24 hadi 47π/24, kwa hiyo hatua ni π/24 hasa. Na sin(48X) inamaliza mzunguko wake wote ndani ya π/24. Kila mara kalkuleta inapoichungulia, inaikuta sifuri. Ile ya 49 imeongeza X moja tu juu ya mizunguko kamili, kwa hiyo kinachobaki kuonekana ni sin(X). Kwa mawimbi, basi, kanuni yangu ni kukokotoa urefu wa mzunguko mmoja kwanza, 2π ÷ 48 katika mfano huu, na kuweka dirisha la mizunguko miwili au mitatu tu. Jedwali peke yake halitakuokoa hapa, maana nalo linachungulia kwa hatua.

Ukiwa hapohapo kwenye trigonometria, angalia MODE kila mara. Ikiwa kwenye DEGREE na dirisha ni −10 hadi 10, sin(X) haivuki hata 0.18, kwa hiyo itaonekana kama mstari mfu juu ya mhimili. Bonyeza ZOOM 7 ukiwa kwenye digrii, X itakuwa −352.5 hadi 352.5, na wimbi litarudi.

Uongo mwingine ni wa maumbo. Chora duara la nusukipenyo 5 kwa milinganyo miwili, √(25−X²) na hasi yake, kwenye dirisha la kawaida: utapata yai lililolala. Vizio 20 vimetandazwa kwenye vitone 95 kwa upana na kubanwa kwenye 63 kwa kimo. ZOOM 5, ZSquare, inasawazisha kwa kuipanua X mpaka karibu −15.16 hadi 15.16, na duara linakuwa duara. Mistari iliyo wima kwa mwenzake nayo haionekani hivyo mpaka ubonyeze hiyo. Kwa zoezi la faida na hasara usihangaike nayo, kwa sababu mishumaa na dola havina haja ya kulingana kwa sentimita.

Kwa 1/(X−3) utakutana na mstari wima unaokatiza kioo kwenye x = 3. Huo si sehemu ya grafu. Kalkuleta imekokotoa safu ya kabla ya 3, ikakokotoa ya baada yake, na kwa kuwa kazi yake ni kuunganisha, imeunganisha. Kwenye ZDecimal hatua inakanyaga 3 kamili, thamani haipatikani, na ule mstari unatoweka. Matoleo ya rangi yana chaguo la kugundua asimtoti, yaani mistari ambayo grafu huikaribia bila kuifikia kama huu wa x = 3, ndani ya FORMAT.

Kuna pia yale ambayo dirisha halina lawama. Kwa kuwa ulinunua ya mtumba, fungua Y= na utazame mstari wa juu kabisa. Kama Plot1, Plot2 au Plot3 imefunikwa kwa rangi nyeusi, mwenye nayo wa zamani aliacha mchoro wa takwimu umewashwa. Utapata ujumbe wa ERR: INVALID DIM au vitone usivyovijua. Panda kwa mshale mpaka juu yake, bonyeza ENTER, uzime. Tazama na alama ya = mbele ya Y1: isipokuwa imefunikwa kwa nyeusi, mlinganyo huo hauchorwi hata dirisha liwe zuri vipi. Na −0.5 iandikwe kwa kitufe cha hasi kilicho safu ya chini, kushoto kwa ENTER, chenye alama ndani ya mabano. Ukitumia kile cha kutoa, utapewa ERR: SYNTAX. ERR: WINDOW RANGE maana yake Xmin haiko chini ya Xmax, au Ymin haiko chini ya Ymax, mara nyingi mtu amesahau hasi.

Kwa yale maswali ya aljebra yasiyo na hadithi, mlinganyo mtupu tu, X itoe kwenye hesabu. Kwa mlinganyo wa kipeo cha pili, ax² + bx + c, kilele kiko x = −b ÷ 2a; kwako ni −60 ÷ −1, yaani 60. Weka 60 katikati, nenda mbali sawasawa pande zote mbili. Kwa ukuaji wa akiba, tuseme 1000(1.05)^X, X ni miaka, kwa hiyo 0 hadi 30, jedwali litakuonyesha y inafika karibu 4322, basi Y 0 hadi 5000. Takwimu ulizoingiza kwenye orodha hazihitaji hata hayo: ZOOM 9, ZoomStat, inapanga dirisha lote kwa kufuata data zako, na hiyo ndiyo ZOOM ninayoiamini bila maswali.

Nikupe na swali moja la kukutahadharisha: X³ − 3.1X² + 3.2X − 1.1. Kwenye dirisha la kawaida grafu inaonekana inaukata mhimili mahali pamoja, karibu na 1. Weka X 0.9 hadi 1.15 na Y −0.0003 hadi 0.0003. Utaona inaugusa mhimili kwenye 1, inazama kidogo, kisha inaukata kwenye 1.1. Hakuna kitufe cha ZOOM kitakachokuletea dirisha hilo chenyewe. Aliyeugawa mlinganyo kuwa (X−1)²(X−1.1) ndiye anayejua pa kuchungulia.

Kama mwenzako ana Casio, mambo ni yaleyale kwa majina mengine: dirisha linaitwa V-Window, linafunguliwa kwa SHIFT na F3, na ndani yake kuna INIT, TRIG na STD. Casio ndio waliotangulia kuuza kalkuleta ya grafu, fx-7000G, mwaka 1985; Texas Instruments wakaja na TI-81 mwaka 1990, na shule za Marekani zikashikamana nao hadi leo. Kwetu wengi hatukuzishika, kwa sababu mitihani ya taifa ya Kenya na Tanzania hairuhusu kalkuleta zinazopokea programu, kwa hiyo usione haya mbele ya vijana wa darasani kwako waliozizoea. Wao walibonyeza vitufe, wewe ulijaza majedwali kwa mkono.

Nyumbani tumia pia Desmos, programu ya kuchora grafu, kwenye simu, ni ya bure, na dirisha unalivuta kwa vidole. SAT ya kidijitali, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni Marekani, imeiweka ndani ya mtihani wenyewe. Lakini nayo huanza karibu na −10 hadi 10, na parabola yako haitaonekana huko vilevile mpaka uandike mipaka kwenye alama ya spana. Waulize wahadhiri wako mapema wanaruhusu nini, maana vyuo vingi haviruhusu simu kwenye chumba cha mtihani.

Jambo la mwisho linahusu siku yenyewe. Wasimamizi wengine hufuta kumbukumbu za kalkuleta zote kabla ya mtihani: 2nd, kitufe cha kujumlisha, kisha 7, 1, 2. Ikifutwa, dirisha linarudi −10 hadi 10, MODE inarudi RADIAN, na milinganyo yako inaondoka. Usishtuke. Andika mlinganyo kwenye Y=, nenda TBLSET, weka 0 na 20, na uendelee kuanzia hapo.